Jinsi ya Kuandika Maoni ya Kwanza Kuhusu Anime Mpya: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Msimu mpya wa anime, yaani katuni za Kijapani, ukianza, iwe Januari, Aprili, Julai au Oktoba, naletewa rasimu nizisome. Nyingi zinakwama palepale. Aya nne za kusimulia kilichotokea, halafu sentensi moja ya kufungia: "Kwa kweli ni kali, nawashauri mtazame, 8 kwa 10." Mwandishi alicheka, alishtuka, pengine hata alilia, lakini hayo yote hayamo. Aliyekwisha kutazama hapati jipya, na ambaye hajatazama ameshatobolewa hadithi, yaani ameambiwa yale aliyopaswa kuyagundua mwenyewe.

Maoni ya kwanza ni ushahidi. Umekaa dakika 24 mbele ya hadithi ambayo hujui inakwenda wapi, na hali hiyo ya kutojua hutaipata tena. Baada ya miezi mitatu utakuwa unajua nani alikuwa mwongo na nani anakufa, na kila utakachokisema kuhusu mwanzo kitakuwa kimechanganyika na mwisho. Ndiyo maana naijali kazi hii: ukiiandika vizuri, unahifadhi kitu ambacho mhakiki wa mwisho wa msimu hana.

Mfano wangu wote humu ni sehemu ya kwanza, yaani kipindi cha kwanza, ya anime iitwayo *Sousou no Frieren*, au Frieren tu, kwa jina la mhusika wake mkuu. Nitaeleza kinachotokea ndani yake, kwa hiyo kama hujaitazama na unataka kuikuta mpya, itazame kwanza kisha urudi.

## Mahitaji

- Sehemu ya kwanza katika huduma halali, yenye sauti ya Kijapani na tafsiri ya maandishi. Zilizorekodiwa kiholela mara nyingi zina rangi iliyofifia na tafsiri ya kubahatisha, nawe utamlaumu mchoraji kwa kosa la aliyerekodi.
- Hedifoni, hata zile za bei ndogo. Spika ya simu inameza nusu ya muziki.
- Daftari na kalamu. Ukiandika kwenye simu hiyohiyo unayotazamia, utasimamisha picha kila mara.
- Bando la kutosha kutazama mara mbili, au pakua kabisa mahali penye Wi-Fi. Picha ikikatika katikati ya tukio zito, hisia haziungiki tena.
- Saa mbili na nusu ambazo hakuna atakayekuita.
- Mtu mmoja ambaye hajatazama. Utamhitaji mwishoni.

## Hatua ya 1: Amua mapema utatazama sehemu ngapi

Sehemu moja au tatu. Chagua sasa, kabla hujabonyeza, kisha umwambie msomaji katika mstari wa kwanza.

Mashabiki wana kanuni ya sehemu tatu: usihukumu kabla ya ya tatu. Wengi hutoa mfano wa *Puella Magi Madoka Magica* ya studio Shaft, iliyoanza Januari 2011, ambayo sehemu yake ya tatu iliwageuza kabisa waliodhani wanatazama hadithi ya kawaida ya wasichana wenye nguvu za ajabu. Kanuni ni nzuri kwa mtazamaji. Kwa mwandishi ni hiari, mradi useme ukweli umefika wapi.

Angalia pia urefu. Sehemu ya kawaida ni kama dakika 24, wimbo wa kufungulia ukichukua sekunde 90 na wa kufungia 90 nyingine. Lakini ya kwanza ya *Oshi no Ko*, mwaka 2023, ilikuwa ya dakika 90, na Frieren yenyewe ilianza tarehe 29 Septemba 2023 kwa sehemu nne mfululizo usiku mmoja, saa mbili nzima za televisheni. Aliyeona sehemu moja ya Frieren na aliyeona zile nne hawakuona kitu kimoja. Mmoja aliona msiba, mwingine aliona msiba na safari iliyofuata.

Onyo: usianze na sehemu moja kisha ukaendelea hadi ya tano kwa sababu imekunogea, halafu ukaandika kana kwamba uliishia kwenye ya kwanza. Msomaji makini atakugundua, maana utakuwa unataja dalili ambazo hakuna awezaye kuziona bila kujua kinachofuata.

## Hatua ya 2: Pata saa sahihi

Hapa wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda tuna bahati ambayo wengi hawajaigundua. Japani iko mbele yetu saa sita kamili mwaka mzima, na hesabu yetu ya saa nayo inatofautiana saa sita na ya kwao. Tofauti hizo mbili zinafutana. Namba inayosomeka kwenye saa ya Tokyo ndiyo tunayoitamka sisi kwa Kiswahili dakika hiyohiyo.

Ratiba ikisema 23:00, toa 12 upate 11: kwetu ni saa 11 jioni. Ikisema 22:30, ni saa 10 na nusu jioni. Stesheni za Japani pia huandika saa za usiku wa manane kama 24:30 au 25:00, maana siku yao ya matangazo haikatiki saa sita ya usiku. Ijumaa 25:00 ni Jumamosi alfajiri kwao, lakini kwetu ni Ijumaa ileile, saa 1 usiku. Wanaokosea hapa husubiri siku nzima bure.

Huduma za mtandaoni huweza kuchelewa kidogo kuliko televisheni, kwa hiyo angalia saa ya huduma yako pia. Aliye Burundi, Rwanda au mashariki mwa Congo apunguze saa moja.

## Hatua ya 3: Tazama mara ya kwanza bila kalamu

Funga daftari. Zima taarifa za simu. Usiongeze kasi ya kucheza picha, hata kidogo.

Nasisitiza kuhusu kasi kwa sababu niliwahi kuitazama anime moja haraka haraka huku napika, nikaandika kwamba wahusika wake "wanaongea bila kupumua". Baadaye niliitazama kwa mwendo wake wa kawaida, nikakuta imejaa vituo, na ule ukimya ulikuwa umepangwa. Ilibidi niandike marekebisho na kuomba radhi.

Ukitazama huku unaandika, macho yatakuwa kwenye daftari wakati uso wa mhusika unabadilika. Mara ya kwanza ni ya kuguswa. Ya pili ni ya kuchunguza.

Utajua umefaulu kama mwishoni hukumbuki majina yote, lakini kuna tukio moja ambalo bado unaliona ukifumba macho.

## Hatua ya 4: Andika mistari mitatu kabla hujaona maoni ya wengine

Hii ni hatua fupi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ndani ya dakika kumi baada ya kumaliza, andika majibu haya:

1. Ni dakika gani nilisahau kwamba natazama?
2. Ni wapi nilitaka kushika simu?
3. Nadhani hadithi itakwenda wapi?

La tatu usiliogope. Ukikosea, ndipo linapopata thamani, kwa sababu linaonyesha mtunzi alikufanya utegemee nini. Ukiingia mtandaoni kwanza utakuta tayari kuna kauli ya kundi, na baada ya nusu saa hutaweza kutofautisha yako na yao.

## Hatua ya 5: Tazama tena, sasa kwa daftari

Chora safu mbili. Kushoto andika nilichokiona au kukisikia, kulia kilichonifanyia. Kila jambo la kulia lazima liwe na jirani yake kushoto. Kama huna, futa. Hapa ndipo neno "kali" linapolazimika kujieleza.

Chukua Frieren. Hadithi nyingi za mashujaa zinaanza stelingi akiwa mdogo na adui akiwa mbali. Hii inaanza adui ameshauawa. Wenzi wanne wapo kwenye mkokoteni wakirudi mji mkuu baada ya safari ya miaka kumi, na wanazungumzia kazi watakayoifanya sasa. Usiku wanatazama mvua ya vimondo ambayo huja mara moja kila miaka 50. Frieren, ambaye ameishi zaidi ya miaka elfu moja, anawaambia kwamba anajua mahali inapoonekana vizuri zaidi, atawapeleka ikija tena. Anasema hivyo kama mtu anayepanga Jumapili ijayo.

Kisha miaka 50 inapita kwa picha chache tu. Anaporudi, Himmel, yule shujaa, ni mzee mfupi mwenye kipara na ndevu nyeupe. Wanakwenda kuviona vimondo. Himmel anafariki. Mazikoni watu wananong'ona kwamba huyu mwenzake haonyeshi hata huzuni. Na pale kaburini Frieren anatokwa na machozi, akijiuliza kwa nini hakujaribu kumjua zaidi.

Safu zangu mbili zilisomeka hivi:

*Kushoto:* miaka 50 imepewa picha chache, kuzikwa kwa mtu mmoja kumepewa muda mrefu. *Kulia:* nimeuhisi muda kwa kipimo chake yeye, kisha ghafla kwa kipimo chetu.

*Kushoto:* sauti ya Frieren haipandi, hata anapolia. *Kulia:* niliwaamini walionong'ona, na baada ya sekunde chache nikaona aibu.

Hilo la pili ndilo nililolijengea maandishi yangu yote. Sikulitambua nilipotazama mara ya kwanza, niliumia tu.

Mambo mengine ya kukagua unaporudia:

Sauti. Aliyemtia sauti Frieren ni Atsumi Tanezaki, yuleyule aliyemtia sauti mtoto Anya katika *Spy x Family*. Ukisikiliza moja baada ya nyingine utaelewa kwamba ule utulivu wa Frieren ni uamuzi wa msanii anayeweza kabisa kupiga kelele.

Majina yanayopita mwishoni. Usiruke orodha ya waliotengeneza. Frieren ilitengenezwa na studio Madhouse, ikaongozwa na Keiichirō Saitō, aliyeongoza pia *Bocchi the Rock!* mwaka 2022, na muziki ni wa Evan Call. Tofautisha studio na mwongozaji. "Studio hii huwa haikosei" si hoja, kwa sababu studio hiyohiyo huwa na miradi kadhaa yenye timu tofauti.

Mwendo wa picha. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, lakini anime ya televisheni mara nyingi huchora 12 au 8 na kuzirudia. Kwa hiyo mhusika aliyesimama akisogeza mdomo tu si lazima iwe dalili ya uvivu. Jiulize nguvu zimewekwa wapi. Pia usiahidi kwamba ubora wa mwanzo utadumu, kwa sababu sehemu ya kwanza ndiyo inayouza mradi na hupewa muda mwingi wa maandalizi.

Utajua umefaulu ukiwa na jozi tano au sita. Ukiwa na ishirini, unaandika muhtasari.

## Hatua ya 6: Tafuta maneno ya Kiswahili kwanza

Hatua hii naipenda kuliko zote, na ndipo maandishi yetu yanapoweza kuwapita wengi.

Wengi wetu tunamfikia Mjapani kupitia tafsiri ya Kiingereza, halafu tunaitafsiri hiyo tena. Mambo yanadondoka njiani mara mbili, ilhali Kiswahili kina mengi ambayo Kiingereza hakina. Mhusika akisema *otōto*, Kijapani kinamaanisha ndugu wa kiume aliye mdogo kwake. Maandishi ya chini yatasema ndugu tu. Sisi tunaye "mdogo wangu". *Otsukaresama*, wanayoambiana watu wakimaliza kazi, inawasumbua sana watafsiri wa Kiingereza. Kwetu ni "pole na kazi", imekwisha. Na *tadaima*, anayoisema mtu akifika nyumbani, kisha akajibiwa kutoka ndani, kila aliyekulia kwenye nyumba ya "hodi" na "karibu" anaijua desturi yake, ingawa hodi hupigwa na mgeni pia.

Vilevile viambishi vya heshima. Kijana akimwita mtu kwa *-sama*, kiambishi cha heshima kubwa kinachofuata jina, leo na kesho akaacha, uhusiano umebadilika. Sikiliza kwa masikio yako, usitegemee maandishi. Wewe unayejua tofauti ya kumsalimia mtu "shikamoo" na "mambo" huhitaji kufundishwa uzito wa jambo hilo.

Sasa mitego. Frieren ni *mahōtsukai*, mtu anayetumia nguvu za ajabu. Ukiandika "mchawi", umeshamhukumu: kwa msomaji wa Kiswahili mchawi ni anayeloga, anayedhuru watu usiku. "Mganga" inamfanya tabibu. "Mwanamazingaombwe" inamfanya mtu wa kuchezesha watoto sikukuu. Mimi naandika "mjuzi wa sihiri" mara ya kwanza, naeleza kwa sentensi moja kwamba sihiri ya dunia hii ni elimu inayosomwa vitabuni, kisha naendelea na "mjuzi". Sihiri nayo ina harufu yake, lakini ile sentensi ya maelezo inaisafisha.

Tena yeye ni wa jamii ya wale wenye masikio marefu wanaoishi karne nyingi. Usiandike "elfu", msomaji atasoma 1,000 na sentensi itavunjika. Andika "elfi". Naye Eisen, mmoja wa wale wenzi wanne, mpiganaji mfupi mwenye ndevu, usimwite "mbilikimo", neno ambalo limetumika kuwadharau watu halisi, wakiwemo jirani zetu wa misitu ya Congo. Eleza tu umbo lake na kabila lake la kubuni.

Utajua umefaulu ukiweza kumsimulia bibi yako tukio moja bila kutumia neno lolote la kigeni isipokuwa majina.

## Hatua ya 7: Andika, ukianzia ndani ya tukio

Usianze na "Anime hii inahusu". Anza na lile tukio lililobaki machoni. Linganisha.

Rasimu niliyoletewa:

*"Frieren ni anime inayohusu elfi ambaye alimuua Mfalme wa Mashetani pamoja na wenzake. Baada ya miaka mingi shujaa anakufa na yeye anasikitika sana. Picha ni nzuri na muziki ni mzuri. Inasikitisha lakini ni kali."*

Tulikaa nayo pamoja mchana mmoja, ikawa hivi:

*"Mazikoni watu wananong'ona kwamba hana huzuni, nami nikakubaliana nao. Nusu ya sehemu hii nilikuwa nimemwona Frieren akiihesabu miaka 50 kama sisi tunavyohesabu wiki, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Kisha machozi yakamtoka bila sauti hiyo kubadilika, nikajua nilimsoma vibaya. Sehemu hii haikunieleza kwamba muda wa elfi ni tofauti na wetu. Ilinifanya nikosee kama anavyokosea yeye."*

Kisa ni kilekile, maneno yameongezeka kidogo, lakini sasa kuna mtu anayetazama.

Baada ya aya hiyo, muhtasari usizidi sentensi tatu. Kisha mambo mawili yaliyofanya kazi, na moja linalokutia shaka. Shaka ni lazima. Yangu ilikuwa hii: sehemu ya kwanza imetumia kifo kunigusa, je, sehemu nyingine 27 zina kitu gani zaidi ya kumbukumbu? Aliyependa kila kitu bado hajamaliza kufikiri.

Onyo kuhusu kutoboa: kinachofahamika tangu mwanzo unaweza kukitaja, yaani kile kinachofanya hadithi ianze. Mgeuko wa mwishoni usiutaje, na usiseme "mwishoni kuna kitu kitawashangaza", kwa sababu hapo pia umetoboa. Rudi uone jinsi nilivyoitaja Madoka hapo juu: umejua kuna mgeuko kwa sababu umri wake unaruhusu, lakini hujui ni upi.

## Hatua ya 8: Toa uamuzi, usitoe alama

Frieren ilikuwa na sehemu 28 katika msimu wake wa kwanza. Kuipa alama baada ya moja ni kuipima nyumba kwa kutazama kizingiti. Tumia mojawapo ya hizi tatu: naendelea, nasubiri hadi ya tatu, naacha. Kisha taja sababu moja, na mtu wa aina gani unadhani atafurahi kuliko wewe.

"Naacha" si tusi. Naheshimu zaidi mwandishi anayesema "naacha, kwa sababu vichekesho vyote vinamdhalilisha mtu mmoja" kuliko anayesifia kumi kwa wiki.

## Hatua ya 9: Pitisha kwa yule mtu mmoja

Msomee kwa sauti. Usimpe asome mwenyewe, maana ukisoma kwa sauti ulimi utajikwaa penye sentensi iliyotafsiriwa. Kisha muulize maswali mawili: "Ungependa kuitazama?" na "Unadhani mimi nimeipenda?"

Jibu la kwanza liwe lolote. La pili likiwa "sijui", rudi hatua ya 5, safu ya kulia.

Weka tarehe na namba ya sehemu uliyofikia juu kabisa. Msimu ukiisha, wiki 12 au 13 baadaye kwa anime za kawaida, fungua tena ile mistari mitatu ya hatua ya 4 na uandike chini yake kilichotokea kweli. Ya juu usiiguse, hata penye kosa. Mimi niliandika kwamba Frieren angetumia safari nzima kulia. Chini yake nimeandika, kwa kalamu ya rangi nyingine, kwamba ni moja ya anime zilizonichekesha zaidi mwaka ule.